Wengi Wape, na Wachache Je? Kumbukumbu za Utumishi Kilosa na Mikumi

Utawala wa wengi, yaani utaratibu ambao uamuzi wa kundi hupatikana kwa kuhesabu kura au mikono, na upande wenye idadi kubwa ndio unaofuatwa na wote, umezoeleka nchini Tanzania kiasi kwamba watu wengi huuona kuwa ndiyo demokrasia yenyewe, wala hawaoni sababu ya kuuliza jambo jingine baada ya hesabu kutangazwa. Usemi wa wahenga kwamba wengi wape hutajwa katika vikao vya harusi, katika mikutano ya vyama vya ushirika na katika mabaraza ya madiwani, na aliyeshindwa hutarajiwa kunyamaza. Makala haya yanautazama utaratibu huo kutoka mahali pamoja, wilaya ya Kilosa katika mkoa wa Morogoro pamoja na mji wake mdogo wa Mikumi, ambako mwandishi alitumika kwa miaka mingi akiwa afisa mtendaji wa kijiji na baadaye wa kata. Hoja yake ni kwamba wingi wa kura ni njia ya haki pale ambapo aliye upande wa wachache leo anaweza, kwa ushawishi na subira, kuwa upande wa wengi kesho. Pale ambapo wachache hawawezi kamwe kuongezeka, kwa sababu uchache wao umetokana na kazi yao au ukoo wao, kuhesabu mikono hakumalizi jambo, bali hulianzisha upya kila msimu.

Kilosa ni wilaya ambayo ardhi yake imegawanywa mara nyingi na watu ambao hawakuwauliza wakazi. Wajerumani walipitisha reli ya kati hapo, na kando ya reli hiyo, Kimamba na kwingineko, yakafunguliwa mashamba makubwa ya mkonge yaliyowavuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi, wale walioitwa manamba, ambao wengi wao hawakurudi kwao na ambao wajukuu zao ni wanavijiji wa leo pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Upande wa kusini Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na sasa ina eneo la kilomita za mraba 3,230, likikatwa na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Kusini zaidi, kuelekea Ruhembe na Mto Ruaha Mkuu, ardhi imejaa miwa. Kinachobaki katikati ya mkonge, ranchi, hifadhi na miwa ndicho kinachogombaniwa na wakulima wa mahindi na mpunga kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine wafugaji wa Kiparakuyo, ambao ni jamii ya Wamasai walioishi wilayani humo kwa muda mrefu, pamoja na Wabarabaigi na Wasukuma waliofika baadaye na ng'ombe wao.

Jina la wilaya hii limo katika kumbukumbu ya kila Mtanzania aliyesoma historia shuleni, hata kama hajui kwamba analijua. Mwezi Novemba 1884 Carl Peters alifika Msovero, katika nchi ya Usagara, akapata mkataba kutoka kwa Mangungo, kiongozi wa hapo, akidai kwamba amekabidhiwa nchi na haki zote za kuitumia. Mnamo tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa barua ya ulinzi juu ya maeneo yaliyopatikana kwa mikataba ya namna hiyo, na ukoloni wa Kijerumani ukapata karatasi ya kusimamia. Kisa hiki hufundishwa kama habari ya mzee aliyelaghaiwa kwa sababu hakuielewa lugha ya mkataba, na maelezo hayo si makosa. Lakini kwa mtu aliyefanya kazi ya serikali za mitaa katika wilaya hiyohiyo, jambo zito zaidi ni kwamba mkataba ule haukuhitaji ridhaa ya mtu mwingine yeyote wa Msovero. Hata kama Mangungo angeisoma na kuielewa kila sentensi, wakulima na wafinyanzi waliokuwa nyuma yake wasingekuwa na mahali pa kusema hapana. Msowero ya leo ni kata iliyo katika barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa mjini, na wakazi wake wana chombo ambacho babu zao hawakukipata mbele ya mgeni yule: mkutano mkuu wa kijiji.

Chombo hicho kinahitaji maelezo, kwa kuwa ndicho kiini cha kumbukumbu hizi. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni mkusanyiko wa wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18, na unatakiwa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Ndio unaowachagua wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na ndio unaosomewa mapato na matumizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliuongezea uzito, kwa sababu ardhi ya kijiji haiwezi kutengwa kwa matumizi ya pamoja, wala mpango wa matumizi ya ardhi hauwezi kupitishwa, bila ridhaa yake. Nchi chache barani Afrika zimewapa wanavijiji wa kawaida mamlaka makubwa kiasi hicho juu ya ardhi yao, na jambo hilo linastahili kusifiwa kabla ya kukosolewa. Afisa mtendaji huajiriwa na halmashauri ya wilaya, hachaguliwi, na katika mkutano huo yeye ni katibu: hana kura ya kuamua jambo, ila ana kalamu.

Ni katika kalamu hiyo ndipo mwandishi alipojifunza kuhusu wengi na wachache kuliko katika semina yoyote. Mkutano wa kawaida ulifanyika chini ya mwembe ulio jirani na ofisi ya kijiji, wanaume wakiwa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni, wanawake wakiwa wamekaa juu ya kanga upande wa kivuli, na wafugaji wachache wakiwa wamesimama pembeni wameegemea fimbo zao, wamechelewa kwa sababu saa za mkutano ndizo saa za kunywesha ng'ombe. Mwenyekiti alisoma ajenda, wazungumzaji watatu au wanne wakachangia, kisha akatamka maneno ambayo kila mtu anayafahamu: mnaokubali nyosheni mikono. Mikono mingi ikanyooka. Swali la pili, lile la wanaokataa, liliulizwa huku macho ya mwenyekiti yakiwa tayari kwenye ajenda iliyofuata, na mkono uliokuwa umeanza kuinuka ukashuka wenyewe. Kwenye kaunta buku lililokuwa likitumika kuandikia muhtasari, sentensi iliyozoeleka ilikuwa moja tu, kwamba mkutano umeafiki kwa pamoja, ikifuatiwa na muhuri.

Sentensi hiyo haikuwa uongo wa makusudi. Ilirithiwa kutoka kwa watendaji waliotangulia, na ilipendwa na kila mtu aliyeisoma juu kwa sababu ilionyesha kijiji chenye umoja. Lakini ilikuwa ikifuta nusu ya kilichotokea. Baada ya muda mwandishi alibadili utaratibu, akawa anaandika idadi ya waliokubali, idadi ya waliokataa, na hasa sababu zilizotolewa na waliokataa, hata kama zilitolewa na mtu mmoja. Wapo walioona kwamba kufanya hivyo ni kuchochea, na maoni hayo yalitoka kwa watu wenye nia njema. Faida yake ilionekana polepole: mzee aliyepinga kugawiwa kwa eneo la bondeni, kwa hoja kwamba mto hufurika hapo, alikuwa na kumbukumbu ya maandishi ya hoja yake maji yalipofika, na mkutano uliofuata ulimsikiliza kwa adabu ambayo hapo awali hakuipata. Wana Kilosa hawahitaji kufundishwa kuhusu mafuriko, kwani yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, yaliiharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mchache aliyeandikwa hubaki katika mjadala, na hoja yake inaweza kuja kuokoa watu siku nyingine; asiyeandikwa huanza upya kila mara kama mtu aliyeibuka leo.

Tanzania ina mfano mkubwa wa kitaifa wa wachache walioandikwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kuendelea na mfumo wa chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Kama kanuni ya wengi wape ingefuatwa kwa ukavu wake, kazi ingekuwa imekwisha. Tume, hata hivyo, ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Julius Nyerere aliunga mkono mabadiliko hayo, na mwaka 1992 katiba ikarekebishwa. Wako wanaouona uamuzi huo kuwa dharau kwa wengi, na hoja yao haiwezi kupuuzwa, maana ni nani aliyeipa tume haki ya kujua zaidi kuliko karibu watu wanne kati ya watano? Jibu ambalo mwandishi analiona kuwa sahihi ni kwamba swali lililoulizwa halikuwa la aina inayoweza kuamuliwa kwa wingi. Anayependa chama tawala hapotezi chochote kwa jirani yake kuruhusiwa kujiunga na chama kingine, ilhali jirani huyo hupoteza haki yake yote akikatazwa. Haki ya mtu mmoja kusema na kujiunga na wenzake haipaswi kupigiwa kura na wasioihitaji.

Matokeo ya uamuzi ule yalifika Mikumi. Jimbo la uchaguzi la Mikumi, lililo ndani ya wilaya ya Kilosa, lilikuwa mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi mwaka 2010. Mwaka 2015 wapiga kura wakamchagua Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwanza kama msanii Profesa Jay. Na mwaka 2020 jimbo likarudi CCM kupitia Dennis Londo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kila moja ya chaguzi hizo, lakini jambo la kuzingatia hapa ni kwamba katika muda wa miaka kumi upande wa wachache uligeuka kuwa wa wengi na kisha wa wachache tena, na kwamba mwendesha bodaboda wa Mikumi aliyeshindwa mwaka 2010 alikuwa na sababu ya kungoja miaka mitano bila kuvunja kitu. Wingi wa namna hii, unaohama, ndio unaofanya kushindwa kuvumilike. Watumishi wa umma waliokuwa kazini wakati huo walijifunza nidhamu ngumu, kwamba barua ya mbunge hujibiwa kwa adabu ileile bila kujali rangi ya bendera yake, na wapo walioipata nidhamu hiyo kwa shida.

Kinyume cha wingi unaohama ni wingi usiohesabiwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikatangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa, sehemu kubwa ikiwa ni kwa utaratibu unaoitwa kupita bila kupingwa, yaani mgombea pekee kutangazwa mshindi bila kura kupigwa. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anaweza kuwa mtu mwema na mchapakazi, lakini hakuna anayejua ukubwa wa kundi lisilomtaka, hata yeye mwenyewe hajui, na kwa hiyo hana namna ya kupima maneno yake anaposema mbele ya mkutano kwamba wananchi wameamua. Hata pale kura zinapopigwa hesabu huhitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura ya rais walikuwa chini ya asilimia 43 ya walioandikishwa, kwa hiyo ushindi wa zaidi ya asilimia 60 ulitokana na takriban robo tu ya watu waliokuwa kwenye daftari. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti kwamba mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura halali, na tangu hapo anayeongoza ndiye mshindi, hata kama waliomkataa kwa jumla ni wengi kuliko waliomkubali.

Wakulima wadogo wa miwa wa Ruhembe na maeneo ya jirani, wanaokiuzia kiwanda cha sukari kupitia vyama vyao vya ushirika, wanalijua tatizo la wengi na wachache kwa upande wa mfuko. Miwa ikishachomwa kwa ajili ya kuvunwa inatakiwa kukatwa na kufikishwa kiwandani katika siku chache, la sivyo kiwango cha sukari hushuka na malipo hushuka nacho, kwa hiyo ratiba ya nani avune lini ni suala la riziki. Chama kikiamua ratiba kwa wingi wa kura, wenye mashamba ya karibu na barabara wanaweza kila mwaka kuwatangulia wenye mashamba ya mbali. Vyama vilivyoongozwa vyema vilitambua hilo, vikaweka zamu, na wanachama waliokuwa wa mwisho msimu mmoja wakatangulia msimu uliofuata. Zamu si kura. Ni njia nyingine ya kugawana, na inafaa pale ambapo idadi ya watu haiwezi kubadilishwa na hoja, kwa kuwa shamba haliwezi kusogezwa karibu na barabara.

Hapo ndipo suala la wakulima na wafugaji linapoingia, na ndilo lililomfanya mwandishi aandike. Katika tambarare ya Mkata na mabonde ya mito ya Kilosa, sehemu ileile yenye unyevu inahitajiwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Mkulima anaihitaji kwa mpunga, kwa mboga na kwa mahindi ya kiangazi, na mfugaji anaihitaji kwa sababu nyasi za juu zimekauka na ng'ombe wasiposhuka bondeni watakufa. Zamani bonde lilikuwa pana na watu wachache. Baadaye mashamba yakasogea hadi ukingoni mwa maji, hifadhi na mashamba makubwa yakabaki yamefungwa, na mifugo ikaongezeka, hasa baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, ambapo baadhi yao walipita au kubaki Morogoro. Ng'ombe wakiingia shambani usiku, mkulima hupoteza chakula cha mwaka. Ng'ombe wakikamatwa na kutozwa faini kubwa isiyo na stakabadhi, mfugaji huona ameibiwa kwa jina la kijiji.

Mwezi Desemba 2000 mgogoro wa namna hiyo uliishia kwa wafugaji kuvamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, na watu 38 wakauawa. Hakuna historia ya malisho wala faini yoyote inayoweza kuhalalisha mauaji yale, na kila anayeandika juu ya Kilosa ana wajibu wa kulisema hilo kwanza. Rudewa iko katika barabara ileile inayopita Msowero. Baada ya hapo kila mjadala wa ardhi katika vijiji vya jirani ulifanyika mbele ya kumbukumbu hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini katika mikutano mingi sauti iliyoshangiliwa kuliko zote ni ile iliyotaka mifugo yote iondolewe. Operesheni ya kuondoa mifugo iliendeshwa wilayani mwaka 2009, ng'ombe wakatolewa, na bado baadhi ya vijiji viliingia tena katika mapigano miaka iliyofuata.

Tatizo la kisiasa hapa halimo katika chuki peke yake, bali katika hesabu. Wakulima ni wengi karibu katika kila kijiji kilichochanganyika, ni wengi katika halmashauri za vijiji na ni wengi katika baraza la madiwani, na wataendelea kuwa wengi mwaka 2030 na 2040. Mfugaji anaweza kujenga hoja nzuri, anaweza kuhudhuria kila mkutano na kulipa kila mchango, lakini hawezi kwa ushawishi kuwafanya majirani zake wawe na ng'ombe. Yeye hayuko katika hali ya mwendesha bodaboda wa Mikumi. Kura kwake haina kesho. Na mtu ambaye kura yake haina kesho hutafuta njia nje ya mkutano: humtafuta mkubwa wa kumpigia simu, hutafuta fedha ya kumpa anayekamata mifugo, na wale waliokata tamaa kabisa huchukua silaha. Kwa upande wake mkulima, anayejua kwamba ameshinda kura na bado ng'ombe wamo shambani mwake, huona kwamba demokrasia imemsaliti na kwamba pesa za wafugaji zimenunua kila ofisi. Pande zote mbili huacha kuuamini mkutano, mmoja kwa sababu hushindwa daima na mwingine kwa sababu ushindi wake hautekelezwi.

Wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 19, akiwemo Alexis de Tocqueville wa Ufaransa na John Stuart Mill wa Uingereza, waliliandika jambo hili wakiliita udhalimu wa wengi, maana yake ni hali ambayo watu wengi hutumia uwezo wao halali kuwanyima wachache kile ambacho hakuna mtu anayepaswa kunyimwa. Katika Afrika Mashariki jibu lililotolewa mapema lilikuwa tofauti. Nyerere, katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo ya uhuru, alieleza kwamba wazee wa Kiafrika waliketi pamoja na kuzungumza hadi wakubaliane, na hoja hiyo ikatumika kuutetea mfumo wa chama kimoja ulioanza rasmi mwaka 1965. Ni picha nzuri, na katika koo nyingi za Usagara na Ukaguru ina ukweli ndani yake. Lakini makubaliano ya wote huficha nani aliyechoka kubishana akanyamaza, na katika vikao vingi vya wazee, wanawake na vijana hawakuwa na nafasi hata ya kuchoka. Sentensi ya kwenye kaunta buku, kwamba mkutano umeafiki kwa pamoja, ni mjukuu wa picha ile. Kurudi kwenye maridhiano matupu si dawa ya kura isiyotosha.

Dawa iliyo karibu zaidi imo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano yenyewe. Ibara ya 98 inaeleza kwamba kubadili mambo fulani yanayohusu Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Sababu yake ni wazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na kati yao wa Zanzibar walikuwa milioni 1.9 tu, kwa hiyo kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa Zanzibar isingeweza kamwe kulinda jambo lolote. Waasisi na warithi wao walikubali kwamba kuna maswali ambayo wingi wa jumla hauna haki ya kuyaamua peke yake. Sharti hilohilo la pande mbili lilitumika tarehe 2 Oktoba 2014 Bunge Maalumu lilipopitisha Katiba Inayopendekezwa, na ingawa mchakato ule uliwagawa watu vibaya baada ya wapinzani kutoka nje, hakuna upande uliosema kwamba sharti lenyewe ni la kipuuzi. Zanzibar yenyewe imejifunza kwa uchungu zaidi, kwani mwaka 1995 nafasi ya urais iliamuliwa kwa chini ya nusu ya asilimia moja ya kura, nusu ya wananchi ikabaki nje, na baada ya miaka ya machafuko ndipo kura ya maoni ya Julai 2010 iliporuhusu serikali ya umoja wa kitaifa.

Kama taifa linaweza kufanya hivyo kwa visiwa, kijiji kinaweza kufanya hivyo kwa malisho. Pendekezo la mwandishi ni kwamba katika vijiji vilivyochanganyika, maamuzi ya aina tatu, yaani mipaka ya eneo la malisho, njia za mifugo na matumizi ya maji, yasipitishwe hadi yapate kura za wengi miongoni mwa kaya zinazotegemea kilimo na kura za wengi miongoni mwa kaya zinazotegemea mifugo. Maamuzi mengine yote, ya shule, zahanati, michango na uchaguzi wa viongozi, yabaki kwa wingi wa kawaida. Sheria ya Ardhi ya Vijiji tayari ina kifungu kinachoruhusu wafugaji na wakulima kuingia katika makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja, na tayari inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu, jambo linaloonyesha kwamba mtunga sheria hakuogopa kuhesabu makundi pale alipoona kwamba kundi moja litamezwa.

Pingamizi zipo na zina uzito. Wako Waparakuyo wanaolima mahindi, na wako wakulima wa Kisagara wenye ng'ombe ishirini, kwa hiyo kuigawa orodha ya kaya ni kazi yenye hatari ya kuchora ukabila mahali ambapo watu walikuwa wameanza kuoana. Kwa sababu hiyo kaya ijiandikishe yenyewe upande inaoutaka kwa kipindi cha miaka mitano, na isiulizwe asili yake. Wengine watasema kwamba upande wa wachache utapata uwezo wa kuzuia kila kitu. Utapata uwezo wa kuzuia mambo matatu, na mkwamo ukiendelea, suala liende kwa wasuluhishi kutoka vijiji vya jirani likiwa na sababu za pande zote mbili zimeandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa. Mkwamo wa miezi mitatu mbele ya wasuluhishi ni nafuu kuliko ushindi wa kura ambao hakuna mgambo anayeweza kuutekeleza bondeni usiku.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na linaweza kuanza bila kungoja sheria. Mikutano ya malisho ifanyike mwezi Julai, mahindi ya masika yakiwa yameshavunwa na ng'ombe bado hawajashuka kwenye maji, isipangwe siku ya mnada, na ianze saa tisa alasiri, mifugo ikiwa imeshanyweshwa, ili wenye fimbo nao wapate mahali pa kukaa kabla swali la pili halijaulizwa.